Jeraha lisemalo lisilotamkwa: Wahudumu wa afya na dhuluma za nyumbani

MWANAMKE anayefika hospitalini Kisii au Nyamira akiwa na mkono uliovunjika huenda akasema aliteleza akichuma majani chai. Yawezekana ni kweli. Lakini mhudumu makini huangalia zaidi: jeraha lisilolingana na maelezo, makovu ya zamani, kuchelewa kutafuta matibabu, au mume anayejibu kila swali kwa niaba ya mgonjwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2013 haupendekezi kila mgonjwa aulizwe kuhusu dhuluma. Mhudumu huuliza aonapo dalili, wakiwa faraghani, bila mume wala mama mkwe kusikia. Husikiliza bila kulaumu wala kushurutisha.

Akishatibu, huandika kwa makini majeraha aliyoyaona katika faili ya hospitali, wala si katika kijitabu ambacho mume aweza kukisoma nyumbani. Rekodi hiyo, pamoja na fomu ya P3 itolewayo na polisi na kujazwa na daktari, huwa ushahidi kortini. Sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za nyumbani humwezesha mwathiriwa kuomba amri ya ulinzi. Aliyenajisiwa hupewa dawa za kuzuia Ukimwi kabla ya saa 72 kupita.

Nambari 1195 hupigwa bila malipo. Hata hivyo, kabla ya mgonjwa kuondoka, swali moja halina budi kuulizwa: je, ni salama kurudi nyumbani usiku huu?