Mtoto Mtukutu Naye Hukua

Katika mitaa ya Kiseke, jijini Mwanza, hakosekani mtu mzima ambaye tangu darasa la kwanza ameitwa mzembe. Funguo humpotea, kodi ya nyumba huisahau na fedha anazo, huanza kazi tano asimalize hata moja.

Tusikimbilie kumcheka. Hata tabibu alichelewa kumtambua. Mwaka 1902, daktari Mwingereza George Still aliwahutubia wenzake mjini London juu ya watoto wenye akili timamu walioshindwa kutulia na kujizuia. Mwaka 1968, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliita tatizo hilo la utotoni, ikadhaniwa kuwa mtoto akikua litakwisha. Miaka ya 1970 Paul Wender, wa Chuo Kikuu cha Utah, akawachunguza watu wazima. Na mwongozo wa mwaka 1980 ukakiri kwamba dalili zaweza kubaki hadi ukubwani. Leo tatizo hilo hujulikana kwa herufi ADHD.

Basi wengi waliosoma miaka hiyo waliambulia viboko, kwani elimu hiyo ilikuwa haijawafikia walimu wao.

Kutambuliwa ukubwani hakurudishi miaka iliyopita, wala si ruhusa ya kuchelewa kazini. Lakini humwondolea mtu lawama isiyo yake, na daktari akapata pa kuanzia. Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya magonjwa ya akili. Kwenda kuuliza huko si wazimu.