Michongoma ya Cucu

Kwa miaka mingi niliamini ua wa michongoma kwa cucu, huko Nyeri, ulipandwa kutuficha. Si ndiyo kazi ya ua? Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani kuandika makala za kibarua, ndipo nilipojua kuwa nyua nyingi za huku zilipandwa ili zionekane kutoka juu.

Mwaka 1954, hali ya hatari ikiwa imepamba moto, serikali ya kikoloni ilileta Mpango wa Swynnerton. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika vikaunganishwa, mwenye shamba akapewa sehemu moja yenye namba. Kupima kila mpaka kwa mnyororo kungechukua miaka na miaka. Basi wakulima wakaambiwa wapande ua mpakani, ukishakua utaonekane kwenye picha za ndege, na picha hizo zikasaidia kuchora ramani za usajili.

Picha haikudanganya, lakini haikusema yote. Haikuonyesha waliokuwa kizuizini mashamba yakigawanywa. Wengi walirudi wakakuta ardhi yao imepungua au ina jina la mtu mwingine. Kisha sheria ya ardhi ya 1963 ikalinda usajili wa kwanza, hata kama ulipatikana kwa ulaghai.

Juzi jirani alileta kijana mwenye droni apige picha kahawa yake. Ikavuka michongoma, ikaning'inia juu ya kamba yetu ya nguo. Cucu akaikodolea macho.

"Hiyo picha itakaa kwa nani?"

"Cucu, ni ya majani tu," kijana akajibu.

Ni kweli, droni inasaidia. Kamera yake huona mwanga ambao macho yetu hayaoni, na jani lenye afya huurudisha kwa wingi kuliko lililo hoi. Mkulima anajua pa kuanzia kabla shamba zima halijaharibika. Siombi ipigwe marufuku.

Sheria nazo zipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuja 2019. Kanuni za kwanza za droni, za 2017, zilifutwa na Bunge. Za sasa ni za 2020, na droni hairuki bila idhini ya mamlaka ya usafiri wa ndege. Lakini idhini ya kuruka si idhini ya cucu. Na picha ya majani, ukiiweka kando ya namba ya shamba, inakuambia ni nani atavuna, ni nani atakosa, na ni nani anaweza kushawishiwa auze.

Nilimuuliza kijana picha zinaenda wapi. Akasema yeye hurusha tu, zingine ni za ofisi.

Miaka ya hamsini, cucu anasema, kuuliza swali kama hilo kungekupeleka kizuizini. Leo halina hatari yoyote. Basi tuulize kabla droni haijapaa, na jibu liandikwe.