Anayeomba Kazi Apewe Jibu

Hapa mjini Goma tunawajua vijana wengi waliopeleka barua za kuomba kazi, wakaitwa, wakaulizwa maswali, kisha wakaambiwa: "Nendeni nyumbani, tutawaita." Miezi imepita, hawakuitwa wala hawakukataliwa. Sisi wenyewe tulipata kungoja hivyo. Basi tutazame habari za zamani, tuone kampani ziliwatendeaje watu mlangoni pa kazi.

Union Minière du Haut-Katanga, kampani kubwa ya shaba, iliundwa mwaka 1906. Ilihitaji mikono mingi, na Katanga ilikuwa na watu wachache. Kwa hiyo mwaka 1910 ikaanzishwa Bourse du Travail du Katanga, shirika la kutafuta wafanyakazi vijijini. Mtafutaji alifika kwa chifu, akampa zawadi, naye chifu akatoa vijana, mara nyingi wale wasio na mtetezi. Wengine walifungwa kamba wasitoroke njiani. Kisha mganga aliwatazama: mwenye nguvu alipokewa, mnyonge alirudishwa. Mwili wa mtu ulipimwa, lakini nia yake haikuulizwa.

Tarehe 16 Machi 1922 ikatoka sheria ya mkataba wa kazi. Mkataba usizidi miaka 3, na bwana wa kazi ampe mtu wake chakula na malazi. Lakini mfanyakazi aliyevunja mkataba aliweza kutiwa gerezani. Kati ya 1925 na 1930 maelfu ya watu walichukuliwa pia kutoka Ruanda-Urundi, nchi ya milima na baridi, wakapelekwa Katanga. Wengi waliugua, na wengi walikufa.

Ndipo kampani ikageuka. Watu walikuwa adimu, na kumleta kila mmoja kuligharimu fedha nyingi. Aliyekufa au kutoroka alikuwa hasara. Tangu mwaka 1928 Union Minière ilianza kutoa mikataba ya miaka 3, ikataka watu waje na wake zao, ikawapa nyumba na waganga. Hata karibu nasi, mwaka 1937, serikali ya Wabelgiji iliunda Mission d'Immigration des Banyarwanda, ikahamishia Masisi jamaa nyingi kutoka Ruanda na kuwapa ardhi. Kusudi moja lilikuwa kwamba mashamba ya Wazungu yapate vibarua. Tusidhani ulikuwa upendo mtupu. Mtu alitunzwa kwa sababu alikuwa haba.

Sasa mambo yamepinduka. Tangu 1994, wakimbizi wa Ruanda walipofika Goma, mashirika ya msaada yalikuja mengi, pamoja na desturi ya barua, mitihani na maulizo. Januari 2025 mji ulitwaliwa na wapiganaji wa M23. Benki zikafunga milango, uwanja wa ndege ukafungwa, watu wengi wakapoteza kazi. Kwa nafasi moja barua zinarundikana mezani. Mkubwa wa ofisi akinyamaza hapati hasara yoyote; basi hunyamaza.

Kumbe hasara ipo, ila ni ya yule anayengoja. Amelipa pikipiki na nakala za hati zake. Ameacha kibarua cha siku tatu, akiogopa kuitwa wakati hayupo. Neno moja, "hapana", lingemfungua akatafute kwingine. Je, heshima ya mtu ipande watu wakiwa haba, ishuke wakiwa wengi? Hiyo ni bei ya sokoni, si heshima.

Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 imeweka mpaka wa kumjaribu mtu kazini: mwezi 1 kwa asiye na ufundi, miezi 6 kwa wengine. Ikiwa kujaribiwa kuna mwisho, kungoja nako kuwe na mwisho. Anayewaita watu kwa maulizo ataje siku ya jibu, na siku hiyo ajibu, hata kwa mstari mmoja. Ahadi ni deni.

Wala tusiwanyoshee kidole wenye ofisi peke yao. Nasi huajiri fundi, mlinzi, msichana wa kazi. Labda juma hili mtu amebisha hodi kwako akiomba kazi, nawe ukamwambia, "Rudi kesho," hali unajua huna kazi ya kumpa. Kesho atatembea tena kwa miguu kutoka mbali. Mwambie kweli leo.