Ratiba za ligi ndogo, Kayole

Kayole iko Eastlands, eneobunge la Embakasi ya Kati jijini Nairobi. Klabu zake zilizosajiliwa katika madaraja ya chini ziko chini ya tawi la Nairobi Mashariki la Shirikisho la Soka Kenya (FKF). Nje ya shirikisho kuna mashindano yanayojipangia mechi yenyewe, kama Super 8, ambayo timu ya Kayole Asubuhi imeshiriki.

Hesabu ya ratiba ni nyepesi. Timu 16 zikikutana mara mbili mbili, kila moja hucheza mechi 30, jumla 240. Idadi ikiwa witiri, timu moja hupumzika kila wiki. Ligi Kuu yenyewe iliyaona hayo msimu wa 2019/20, SonySugar ilipofukuzwa kwa kukosa mechi tatu na zikabaki timu 17.

Kinachopanga ratiba hasa ni uwanja. Klabu nyingi za mtaani hazina wa kwao, kwa hiyo nyumbani na ugenini ni maneno ya karatasini tu: mechi kadhaa hufuatana siku moja kwenye vumbi lilelile, na ya kwanza ikichelewa, ya mwisho humaliziwa gizani. Uwanja huohuo hutakiwa na wahubiri wa mikutano ya injili na wanasiasa. Mechi iliyoahirishwa huwa kiporo, na viporo huwekwa katikati ya wiki, wakati wachezaji wengi wako vibaruani. Mvua ya masika huviongeza. Zamani msimu ulianza karibu na Februari na kuisha Novemba, hivyo viporo vya masika vilikuwa na miezi ya kuchezwa. Kalenda ilipogeuzwa mwishoni mwa 2018, masika ikaangukia mechi za lala salama.

Kisha nauli. Kutoka Kayole hadi Kawangware ni matatu mbili, ya 19/60 hadi mjini na ya 46 kutoka hapo. Timu isiyochangisha nauli hutoa pointi za bure.

MYSA, shirika la michezo ya vijana lililoanzishwa Mathare mwaka 1987 na lenye kanda Kayole, huingiza usafi wa mtaa katika ligi zake: timu ikizoa taka, huongezewa pointi kwenye msimamo. Desemba wachezaji huelekea Ziwani kucheza mashindano ya Koth Biro.