Siku Huanza Lini? Historia ya Hesabu ya Saa za Kiswahili na Programu za Kompyuta

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kuandika programu za kompyuta hufundishwa mapema kwamba tarehe na saa huandikwa kwa namna tofauti kutoka eneo moja hadi jingine, na kwamba kazi ya kuzibadili inaweza kuachiwa data za lugha zilizokwisha andaliwa. Kwa Kiswahili, data hizo zipo. Hazina ya CLDR, iliyo chini ya Shirika la Unicode tangu mwaka 2004, ina majina ya siku na miezi pamoja na vipindi kama alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Hata hivyo, programu inayotumia majina hayo huweza kuandika "7:00 asubuhi", na msomaji akasoma "saa saba asubuhi", wakati usiokuwapo katika lugha. Makala haya yanadai kwamba kiini cha tatizo hilo si tafsiri bali historia: Kiswahili kina zaidi ya mwanzo mmoja wa siku, ilhali kompyuta hupewa mmoja tu.

2.0 Mianzo Mitatu ya Siku

Katika hesabu ya pwani, iliyofungamana na kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi. Kalenda ya Kizungu, iliyoenea kupitia ofisi na shule, ilileta mwanzo wa pili, yaani saa sita usiku. Mwanzo wa tatu umo katika mazoea ya wazungumzaji: kwa wengi siku huanza kunapopambazuka, na saa tisa usiku bado huhesabiwa kuwa ya jana. Msemo "usiku wa kuamkia Jumanne", uliozoeleka katika taarifa za habari, ni ushahidi kwamba wazungumzaji wenyewe waliuona utata huo na kuutafutia ufumbuzi.

3.0 Urithi wa Kompyuta

Mfumo wa Unix huhesabu sekunde kuanzia saa sita usiku ya tarehe 1 Januari 1970, kwa saa za ulimwengu (UTC). Lugha ya C huipa Jumapili namba 0, na JavaScript, iliyotoka mwaka 1995, hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo Jumatatu hupata namba 1, ingawa jina lake lahesabu tatu kuanzia Jumamosi. Hitilafu hiyo huonekana mara moja na kurekebishwa. Ya saa hujificha.

Kanuni inayojitokeza haraka kwa mwanafunzi ni "ondoa sita". Tuseme ni Jumatatu, 20:00, Dar es Salaam. Akiondoa sita hupata 14:00 ya Jumatatu. Akiongeza sita hupata 02:00 ya Jumanne. Katika saa ya tarakimu kumi na mbili, yote mawili ni saa mbili. Saa ni ileile, lakini siku ni mbili tofauti. Kuondoa huifanya siku ianze alfajiri. Kuongeza huifanya ianze magharibi, kama ilivyo katika hesabu ya pwani. Kinachoonekana kuwa hesabu ndogo ni uteuzi baina ya desturi mbili.

Kosa kubwa zaidi ni kuuhifadhi wakati uliokwisha sogezwa, kana kwamba saa za Kiswahili ni ukanda wa saa. Dar es Salaam imo tayari katika UTC+3, na Lubumbashi katika UTC+2. Wakati uliosogezwa ukipelekwa Lubumbashi hufika ukiwa na kosa la saa sita. Wakati huhifadhiwa kwa UTC. Hesabu ya Kiswahili hutumika pale tu unapoonyeshwa kwa msomaji.

4.0 Hitimisho

Tofauti hizi zina gharama. Tiketi ya basi iliyoandikwa "Jumanne, saa 9 usiku" kwa maana ya 03:00 humfanya abiria anayehesabu siku kuanzia alfajiri afike kituoni usiku unaofuata, basi likiwa limekwisha ondoka siku nzima nyuma. Maneno "usiku wa kuamkia Jumanne" yangemwokoa. Data za Kiswahili zinahitaji kubeba msemo huo pamoja na kanuni ya hesabu, si majina peke yake. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wahandisi pekee, kwa kuwa maarifa inayoyahitaji ni ya wanaisimu.