Miaka 100 ya Virunga: mafuta yaliyokaribia kuiangamiza

Aprili 2025 Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ilitimiza miaka 100. Wabelgiji waliianzisha kwa jina la Mfalme Albert, nayo ndiyo kongwe kuliko zote Afrika. UNESCO iliiorodhesha kama Urithi wa Dunia mwaka 1979. Tangu 1994 imo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Habari za vita na majangili zimeandikwa sana. Habari ya mafuta inasimuliwa kwa nadra, na hapo ndipo ushujaa ulipoonekana.

Mwaka 2010 serikali ya Kinshasa iliidhinisha mkataba wa kampuni ya mafuta ya SOCO ya London na washirika wake katika Kitalu namba 5, kinachoingia ndani ya hifadhi hadi Ziwa Edward. Ziwa hilo ndilo linalowalisha wavuvi wa vijiji vya Vitshumbi na Kyavinyonge, na maji yake hushuka kwa mto Semliki hadi Nile. Waziri wa mazingira alisimamisha utafutaji mwaka 2011, lakini kampuni haikufungasha virago.

Septemba 2013 watu walikuja kuisimikia SOCO mnara wa mawasiliano hifadhini. Rodrigue Katembo, mkuu wa kanda ya kati, aliwazuia. Akakamatwa na kuteswa kwa siku 17, kisha akarudi kazini. Ushahidi wa hongo aliosaidia kuurekodi kwa kamera ya siri ulionekana katika filamu ya Virunga ya 2014.

Aprili 15, 2014, mkuu wa hifadhi, Emmanuel de Merode, alikabidhi mjini Goma jalada la uchunguzi kuhusu kampuni hiyo. Akiwa njiani kurudi Rumangabo, makao makuu ya hifadhi, alimiminiwa risasi; zikampata kifuani na tumboni. Wakulima walimpakia kwenye pikipiki, akanusurika. Waliompiga risasi hawajulikani hadi leo, na SOCO ilikana kuhusika.

Muda mfupi baadaye vipimo vya kutafuta mafuta vilianza ziwani. Juni mwaka huo, baada ya malalamiko ya shirika la uhifadhi la WWF, kampuni ilikubali kusitisha shughuli zake, kisha ikajiondoa.

Mwaka 2022 serikali ilinadi vitalu vingine, baadhi vikigusa Virunga. Mnada ukafutwa 2024. Kuufuta mnada hakutoshi. Bunge la Kinshasa lipige marufuku mafuta ndani ya Virunga kwa sheria isiyo na mwanya, ili askari wa hifadhi wasiachiwe tena kuyazuia kwa miili yao.