Mota ya Karakana, 1982

Ndugu Mhariri ameniomba niandike historia ya karakana yetu kwa ajili ya toleo hili la mkutano wa wanafunzi wa zamani. Historia yote siwezi, maana wengine waliokuwepo kabla yangu wanaijua vizuri zaidi. Nitasimulia ya mota moja tu, ile kubwa ya kijani iliyokuwa pembeni mwa mlango wa nyuma. Wenzangu wa miaka ile wataikumbuka kwa mlio wake. Vijana mlioko shuleni sasa huenda mmekwisha kuikalia mkila mahindi bila kujua ni kitu gani.

Kwanza nieleze umeme wenyewe. Mota ya fezi tatu ilitengenezwa mwaka 1889 na Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, mhandisi Mrusi aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya AEG huko Ujerumani. Tesla na Ferraris walikuwa wamekwisha kuonyesha, kila mmoja kwa njia yake, kwamba mikondo inayopishana yaweza kuizungusha sumaku bila waya kugusa kitu kinachozunguka. Mwaka 1891 umeme wa fezi tatu ulisafirishwa kilomita 175 kutoka Lauffen hadi maonyesho ya Frankfurt. Mwaka huo huo serikali ya Ujerumani ilichukua rasmi utawala wa nchi yetu kutoka mikononi mwa kampuni yao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na kampuni ya umeme ya Tanganyika, mama wa TANESCO ya leo, iliundwa mwaka 1931. Hale ilianza kutoa umeme mwaka 1964, kisha likaja bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo yake ya megawati 8. Lakini huko juu migombani, umeme ulichelewa sana. Wengi wetu tulikuja shuleni tukiwa hatujawahi kuwasha taa ya ukutani. Unaweza kufikiri jinsi tulivyoitazama mota ile.

Kibati chake kilisema Brook Motors, Huddersfield. Nguvu za farasi 10, volti 400, mizunguko 1,440 kwa dakika. Haikuendesha mashine moja. Iliendesha shafti ndefu iliyopita juu chini ya dari, na kutoka kwenye shafti mikanda ya ngozi ilishuka hadi kwenye msumeno wa mviringo, randa na mashine ya kukereza. Ikisimama mota, karakana nzima inasimama.

Ilisimama mwezi Agosti 1982. Tulikuwa Kidato cha Nne. Kwa kufuata Elimu ya Kujitegemea, shule ilikuwa imekubali kutengeneza madawati 60 ya shule ya msingi ya jirani, na fedha zake zilikuwa zimekwisha kupangiwa kununua mafuta ya taa na vitabu. Rafiki yangu mmoja wa Rombo alikuwa kwenye randa, akisukuma ubao wa loliondo, mti mgumu kama wote mjuavyo. Shafti ikaanza kupungua kasi, mota ikanguruma kwa sauti nzito, naye akaendelea kusukuma ili amalize ubao. Moshi ukatoka. Harufu ile ya vanishi iliyoungua sijaisahau hadi leo.

Uamuzi ulitolewa jioni ile ile: amezidisha mzigo kwa uzembe na kuharibu mali ya umma. Alisimamishwa masomo, akapewa barua ya kumpelekea baba yake kwamba mzazi achangie gharama. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kabla ya mtihani wa taifa. Alipanda basi la Rombo na sanduku lake la bati, nami ndiye niliyemsindikiza stendi.

Gharama zenyewe hazikuwa za mchezo. Mkumbuke hali ya nchi. Tulikuwa tumetoka katika vita vya Kagera na tumeambiwa tujifunge mkanda. Fedha za kigeni hazikuwepo. Mpaka wa Kenya, uliofungwa Februari 1977, ulikuja kufunguliwa Novemba 1983, kwa hiyo hata Nairobi, ambako zamani vipuri vilitoka kwa siku moja, kulikuwa mbali kama Ulaya. Wapo waliopita porini Taveta usiku; sitawataja, baadhi yao wameketi meza ya mbele katika mkutano huu. Mota mpya ilikuwa ndoto. Ilibidi ile ile isukwe upya.

Mwalimu wa karakana akamleta fundi mmoja mtu wa Machame, ambaye alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika karakana za reli huko Nairobi na kurudi nyumbani Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Alirudi na sanduku la zana na rola kadhaa za waya wa shaba. Mimi na wenzangu wawili tukapewa kazi ya kumsaidia.

Siku ya kwanza hakukata kitu. Alifungua vifuniko, akatoa rota, akawasha tochi na kutazama ndani kwa muda mrefu. Kisha akaniita.

"Kijana, hesabu makundi ya koili."

"Sita, Mzee."

"Mangapi yameungua?"

Nikatazama. Mawili tu yalikuwa meusi kama mkaa, nayo yalikuwa yanatazamana, moja upande huu na jingine upande wa pili. Manne yaliyobaki yalikuwa na rangi yake ya asali.

"Mota hii imefungwa delta," akasema. "Ikizidishiwa mzigo, zinaungua fezi zote tatu, makundi yote sita. Ikiungua fezi moja peke yake namna hii, laini moja ilikatika mota ikiwa inazunguka. Ingekuwa imefungwa nyota, ungeona manne meusi. Nenda katazame fyuzi."

Sikuhitaji kwenda. Wiki ile zamu ya fyuzi ilikuwa yangu. Waya wake ulikuwa umekwisha dukani na stoo, na katika kishikio cha laini ya pili nilikuwa nimetia uzi mmoja mwembamba wa waya wa pasi, nikiwaza utashika hadi Jumamosi. Mota ya fezi tatu ikipoteza laini moja kabla ya kuwashwa haiwezi kuondoka, inanguruma tu. Lakini ikiwa tayari inazunguka, inaendelea kujikokota kwa laini mbili, na fezi moja inabeba mzigo mkubwa hadi inaungua. Kifaa cha kinga ndani ya stata kilikuwa kimekwisha haribika siku nyingi kwa kukosa vipuri. Rafiki yangu hakuwa na kosa lolote.

Nikamwambia Fundi. Hakunikaripia. Alisema, "Mimi nasuka mota. Hilo lingine lina mwenyewe," akaendelea kuchora mchoro wake. Nilikaa na jambo lile usiku mmoja, na nakiri kwamba usiku ule nilifikiria sana kunyamaza. Asubuhi nikaenda kwa mwalimu.

Nitaeleza kidogo kazi yenyewe, kwa faida ya vijana. Fundi hakuruhusu tuitupe mota motoni kama wengine wafanyavyo, maana moto mkali huharibu kihami kilicho kati ya mabati membamba ya chuma, na mota ikirudi inachemka siku zote. Tulikata vichwa vya koili upande mmoja, tukapasha moto kidogo kwa mkaa, tukavuta. Kabla ya hapo tuliandika kila kitu: mifereji 36, koili 18, kila koili mizunguko 31, waya namba 19 mbili kwa pamoja.

Namba 19 hakuwa nayo. Alikuwa na namba 22. Hapo akatupa hesabu ambayo mpaka leo nawafundisha vijana wangu. Namba 19 ina upana wa elfu 40 za inchi; 40 mara 40 ni 1,600, na waya mbili ni 3,200. Namba 22 ni elfu 28. 28 mara 28 ni 784, na waya nne ni 3,136. Pungufu ni asilimia 2 tu. Kwa hiyo tulisuka kwa waya nne badala ya mbili, yaani nyuzi 124 katika kila mfereji, zikiwa zimebanana vibaya sana. Wote tuliocheza utotoni kando ya mifongo ya milimani tulicheka kuiita ile nayo mifereji, maana haikupitisha hata tone.

Karatasi ya kuhami nayo haikuwepo. Tulitumia filamu za eksrei zilizotupwa, tukaziosha kwa magadi hadi zikawa nyeupe, tukazikata kwa kipimo. Mbavu za watu wa Kilimanjaro zimo ndani ya mota ile. Kabari za kufunga midomo ya mifereji zilichongwa kwa mwanzi uliokaushwa. Vanishi ilipatikana nusu debe. Tanuri hatukuwa nalo, kwa hiyo tuliifunika mota kwa pipa na kuweka ndani taa za wati 200, ikakauka siku mbili usiku na mchana, sisi tukipokezana kulinda.

Siku ya kuwasha, shafti ilizunguka kinyume. Waliokuwepo wakaguna. Fundi akazima, akabadilishana laini mbili, akawasha tena. Msumeno ukalia.

Rafiki yangu alirudi siku ya ishirini na tatu. Barua ya gharama ilifutwa. Mimi nilipata viboko vyangu na kuchimba shimo la taka lililo nyuma ya bweni. Kwa kweli nilitarajia kufukuzwa. Yeye aliniuliza jambo moja tu, kama nilijua siku ile nilipomsindikiza stendi. Nikamjibu kuwa sikujua, na ndivyo ilivyokuwa. Mtihani alifaulu kunizidi. Madawati yalikwisha Oktoba.

Miaka ile ile hapa Moshi ulikuwa ukianzishwa, kwa msaada wa Bulgaria, mradi wa Kilimanjaro Machine Tools wa kutengeneza mashine za karakana. Baadaye mashine zenye mota zake zenyewe ziliingia shuleni, mikanda ikatolewa, na ile ya kijani ikawekwa pembeni. Fundi amekwisha fariki. Lakini mkifungua kifuniko cha upande wa pili mtakuta amekwaruza kwa msumari: 31, 4, 22, delta, 1982. Aliandika hivyo kwa ajili ya atakayeisuka tena.